Kabla ya kumtafuta pono, jifunze kuelea

Mtu akilala fofofo husemwa ana usingizi wa pono. Aliyewahi kuzamia usiku kwenye mwamba wa matumbawe anajua kwamba waliotunga msemo huo hawakubahatisha. Samaki huyu pono hujipenyeza kwenye ufa wa mwamba, na aina kadhaa hujifunika utando wa ute kama chandarua. Na kweli ni chandarua, maana huzuia vimelea wanyonya damu. Ukimmulika kwa tochi karibu mno, anakurupuka na kuuacha utando wake.

Mchana samaki huyu ni fundi. Kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku hukwangua mwani pamoja na chokaa ya mwamba, na chokaa hiyo humtoka ikiwa mchanga mweupe. Pono mmoja mkubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. (Ndiyo, ule ule mnaoupigia picha ufukweni.) Pale alipokwangua, tumbawe changa hupata pa kushika.

Kisha anakuja mzamiaji na miguu yake. Tumbawe si jiwe. Ni jamii ya wanyama wadogo waliojijengea nyumba ya chokaa, na yale manene ya mviringo mara nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Teke moja huweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Katika kufundisha kwetu, tunaona wengi hawavunji kwa ukorofi. Wamefunga kiunoni vipande vingi mno vya risasi, yale madini mazito ya kumsaidia mzamiaji kushuka, wanazama, wanapiga mateke wasizame zaidi, mchanga unatimka na kuyafunika matumbawe. Basi punguza vipande hivyo, halafu jifunze kuelea kwa pumzi: ukivuta hewa unapanda kidogo, ukiitoa unashuka. Ila usiibane kamwe. Hewa uliyoivuta kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo.

Ukishatulia, samaki husogea wenyewe. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anayefumbua na kufumba kinywa kwa kawaida anapumua tu, ingawa vidole vyako vikae mbali. Samaki wa kuogopwa zaidi ni kikande mkubwa anayelinda mayai. Himaya yake hupanuka kuelekea juu kama faneli, kwa hiyo anayekimbilia juu hubaki ndani yake huku akiumwa. Ogelea kando, kwa kina kile kile, mpaka aache kukufuata.