Mashine hii ni ya nani?

Nikiitwa kukagua wingu la kampuni, yaani kompyuta inazokodi kupitia mtandao, jambo la kwanza ninaloomba ni orodha ya mashine pepe walizonazo, kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva halisi. Huletewa jedwali la Excel, na sijawahi kuona lililo kweli mpaka mstari wa mwisho. Humo mna mashine zilizofutwa zamani, na nje yake kuna mashine zinazokesha zikifanya kazi bila jedwali kuwa na habari nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye wingu, hata yenye daftari hupotea.

Kosa si la mashine pepe zenyewe, maana hizo ni za zamani. IBM walikuwa na VM/370 tangu mwaka 1972. Lakini enzi hizo kuongeza mashine kulikuwa ni shughuli ya kuombewa ruhusa. Amazon walipofungua EC2, huduma yao ya kukodisha mashine pepe, mwaka 2006, yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kuwasha seva kwa dakika chache, na hakuna anayewasha kitu kwa dakika chache kisha akaenda kukiandika kwenye jedwali.

Kwa hiyo daftari siliulizi. Naliuliza wingu lenyewe kupitia API yake, mlango ambao programu hupitia kuuliza na kujibiwa, na hapo ndipo mitego inapoanza. Ukitumia AWS, yaani wingu la Amazon, amri ya `aws ec2 describe-instances` hukujibu kwa kanda moja tu (eneo moja la vituo vya data), ile iliyowekwa kwenye mipangilio yako. Kama kuna aliyewasha mashine za majaribio kwenye kanda nyingine, skrini itakuwa tupu na wewe utadhani ni safi. Lazima skripti izunguke kanda zote, katika akaunti zote. Google Cloud hukupa maeneo yote kwa mkupuo, ila ni ya mradi mmoja. Azure, wingu la Microsoft, ina Resource Graph, zana inayouliza akaunti ndogo (subscriptions) nyingi kwa pamoja, na ni nzuri kweli, lakini huonyesha tu vile ambavyo una ruhusa ya kuvisoma. Visivyoonekana havitajwi, wala hupewi onyo. OpenStack, programu ya kujijengea wingu lako mwenyewe, inataka uwe msimamizi ndipo `openstack server list --all-projects` ikubali. Na kama mna seva yenu pembeni inayoendesha mashine pepe kwa KVM ya Linux, kumbukeni kwamba `virsh list` huonyesha zinazofanya kazi tu. Zilizozimwa zinataka `--all`.

Kuna mtego mwingine ambao umeniaibisha. API hizi hutoa majibu kwa kurasa, na ukiandika skripti yako mwenyewe bila kuomba ukurasa unaofuata, inaishia ule wa kwanza kimya kimya. Niliwahi kupeleka ripoti ya mashine 1,000, haipungui moja wala haizidi moja. Mkuu wa kitengo aliitazama, akaniuliza kama nilizihesabu au nilizikadiria.

Wapo wanaopenda kusaka kwa kupiga hodi kwenye mtandao, kwa Nmap au programu za aina hiyo. Peke yake haitoshi, kwa sababu mashine iliyozimwa haiitikii hodi, na iliyo nyuma ya ngome kali ya mtandao (firewall) haiitikii pia. Lakini siidharau: huibua zile ambazo API haizijui, kama mashine inayoendeshwa ndani ya mashine nyingine. Shahidi wa tatu ni bili. Mambo haya matatu nayaweka kando kwa kando, na kazi yangu iko pale yanapopingana.

Ili uyalinganishe, unahitaji kujua kwamba mashine hii ya hapa ndiyo ile ya pale. Jina halisaidii, kwani mashine kumi zinaweza kuitwa `test`. Anwani ya IP nayo ni kama chumba cha hoteli, leo yuko huyu, kesho yuko mwingine. Mimi hushika kitambulisho kilichotolewa na wingu, ile `i-` yenye herufi na tarakimu 17 za AWS, kwa mfano. Msishike kitambulisho cha ndani ya Linux, kile cha `/etc/machine-id`, kabla ya kuhakikisha kwamba kilisafishwa wakati nakala ya mfumo inatengenezwa. Nimekuta kundi zima la mashine zilizozaliwa kutoka nakala moja zikiwa na kitambulisho kimoja, na programu ya ufuatiliaji ikiziona zote kuwa ni mashine moja yenye tabia za ajabu ajabu.

Sasa hali za mashine. Neno TERMINATED kwenye AWS maana yake mashine imekufa na hairudi. Kwenye Google Cloud, neno hilo hilo ni mashine iliyozimwa tu, na unaweza kuiwasha tena kesho. Anayehama kutoka wingu moja hadi jingine na skripti zake za zamani asome mstari huu mara mbili. Azure nako, ukiizima mashine kutoka ndani ya mfumo wake wa uendeshaji, bado unalipia. Ni mpaka uiachilie kutoka upande wa wingu, hali isomeke Stopped (deallocated). Na popote pale, diski ya mashine iliyozimwa inaendelea kulipiwa. AWS waliongeza jingine tarehe 1 Februari 2024: kila anwani ya IPv4 ya hadharani inatozwa, iwe inatumika au imekaa tu.

Haya yote, hata hivyo, ni ya kujifunza kwa wiki moja. Kinachochukua miezi ni swali la mashine ni ya nani. Kila mashine ninayoikubali huwa na lebo tatu: mwenyewe, kazi yake, na tarehe ya kuangaliwa upya. Mwenyewe asiwe mtu, awe timu, kwa sababu watu huacha kazi. Andikeni lebo kwa herufi ndogo tupu: AWS inaona `Timu` na `timu` kuwa vitu viwili, Azure haitofautishi majina hayo, na Google haikubali herufi kubwa kabisa. Kwa zile zisizo na lebo, fungua kumbukumbu za matukio uone nani aliiwasha. Usichelewe, kwa sababu historia ya CloudTrail, huduma ya AWS inayorekodi matukio, inayokuja yenyewe ni ya siku 90 tu, labda kama mlipanga kuzihifadhi mahali pengine.

Asipopatikana mwenyewe, watu hukimbilia kuangalia CPU, yaani kichakataji kinavyofanya kazi. Niliwahi kufanya hivyo. Mashine ilikuwa imelala wiki tatu, nikaifuta nikijisifu kwamba nimeokoa fedha. Kumbe ilikuwa ikiamka mara moja kwa mwezi kufunga hesabu. Tukairudisha kutoka kwenye nakala ya diski ambayo mwenzangu aliihifadhi bila mimi kumwomba. Tena, CPU huonekana vizuri kutoka nje, lakini si kila kitu huonekana hivyo. Matumizi ya RAM, CloudWatch, huduma ya AWS ya kupima mashine, haiyaoni mpaka usakinishe programu yake ya wakala ndani ya mashine.

Siku hizi sifuti. Nazima, nasubiri kelele. Hata kuzima kuna masharti yake: data iliyo kwenye diski ya muda ya seva mwenyeji, kompyuta halisi inayoibeba mashine, hupotea, na anwani ya IP ya hadharani hubadilika kama haikuwekwa iwe ya kudumu. Kwa hiyo naangalia hayo mawili kwanza. Naangalia pia kama mashine ni ya kundi linalojiongeza lenyewe, maana ukiua mmoja wao kundi linazaa mwingine kabla hujamaliza chai, na utashinda siku nzima ukiua kivuli. Hizo hupunguzwa kwenye mipangilio ya kundi.

Baada ya kuzima, nachukua nakala ya diski na kuandika kwenye lebo tarehe niliyozima na sababu. Halafu nasubiri miisho ya mwezi miwili ipite.

Ninayo moja sasa hivi katika hali hiyo. Jina lake ni `usiguse-2`. Hakuna anayejua aliyeipa jina hilo, hakuna anayejua `usiguse-1` ilikwenda wapi, na kumbukumbu za matukio zilishapita siku 90. Mwisho wa mwezi wa kwanza umepita kimya.