Kumsaili kwa mtandao mwombaji wa mafunzo ya udaktari bingwa

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, na kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Januari, huwasaili waombaji wa mafunzo ya ubingwa katika idara yetu. Kabla ya mwaka 2020 mwombaji alifunga safari mwenyewe. Aliyesomea Muhimbili au Makerere alihangaikia viza, nauli ya ndege na malazi kwa ajili ya usaili wa siku moja usiomhakikishia nafasi. Korona ilipoingia, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani, AAMC, ilishauri usaili ufanyike kwa mtandao, na idara nyingi zimeendelea hivyo hadi leo. Nafuu hiyo naitetea kwa moyo wote, ila inatudai sisi wasaili tujifunze upya kumsikiliza mtu.

Kinachotupotosha zaidi ni ukimya. Msimu mmoja nilimsaili kijana aliyekuwa Afrika Mashariki. Kila nilipomaliza swali alikaa kimya, kisha tukaanza kusema kwa pamoja, naye akanyamaza kwa adabu kunipisha. Kwenye kipengele cha mawasiliano nilimwandikia alama mbili kati ya tano. Tulipokubaliana tuzime kamera, sauti ikaacha kuchelewa, na hapo hapo akanisimulia kwa ufasaha jinsi alivyokaa na mzee mwenye kisukari aliyeikataa insulini, mpaka akagundua kwamba mzee huyo hakuwa na mahali pa kuihifadhi pasipo na joto. Alama ile niliifuta, kwa kuwa nilikuwa nimeupima mtandao wake nikidhani nampima yeye.

Tangu siku hiyo huhesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kuongeza neno, huomba namba ya simu mapema ili mawasiliano yakikatika tuendelee, na dakika zilizopotea humrudishia mwombaji. Maswali ni yale yale kwa wote, na kila msaili huweka alama zake kabla hatujajadiliana, maana daktari mwandamizi akishatoa kauli, wadogo huona haya kumpinga. Chumba cha mwombaji, taa yake na honi za bodaboda nje havina nafasi katika fomu yetu.

Saa nazo zataka uangalifu. Marekani hurudisha saa nyuma mwezi Novemba, Nairobi na Dar es Salaam hazirudishi. Hivyo usaili wa saa tatu asubuhi New York, ambao Oktoba huangukia saa kumi jioni kwao, huhamia saa kumi na moja. Ukiupanga saa tisa alasiri, unamsaili mtu saa tano usiku.

Kanuni za NRMP, taasisi inayooanisha waombaji na idara kila Machi, hazituruhusu kumtaka mwombaji afichue ataipanga idara yetu nafasi ya ngapi katika orodha ya idara anazozitaka, nami huwakumbusha wenzangu jambo hilo kila asubuhi ya usaili. Dakika thelathini za mwisho ni za mwombaji na madaktari walio mafunzoni, awaulize kuhusu zamu, mishahara na jinsi wanavyotendewa. Mimi hutoka kwenye kikao kabla hawajaanza.