Bobini inayozunguka na bobini iliyotulia: rili gani ya kuvulia besi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniletea rili mbili, zile mashine za kukunjia mshipi wa kuvulia, ndani ya mfuko, akazipanga juu ya meza yangu kama mtu anayepeleka shauri kwa kadhi.

"Fundi, naenda Naivasha na wenzangu kuvua besi. Hii nimeambiwa ndiyo ya wanaume, na hii ni ya watoto. Nibebe ipi?"

Ya wanaume ilikuwa beitikasta, ile rili ya mviringo inayokaa juu ya rodi, na ilikuwa bado inang'aa. Ya watoto ilikuwa spini namba 2500 iliyochubuka rangi, ile inayoning'inia chini ya rodi na ina waya uliopinda kama sikio la kikombe. Akaniongezea kwamba ile ya wanaume ina jini: kila akirusha, mshipi unafumuka na kujisokota mpaka anachukua kisu.

Nikamuuliza swali moja tu: "Chambo chako kina gramu ngapi?" Hakujua. Basi makala haya nayaandika kwa ajili yake na kwa wengine ambao huniuliza kila likizo ya shule inapokaribia.

Besi si samaki wetu wa pwani. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Anaishi maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo ukimtafuta kutoka Tudor mpaka Mtwapa utazeeka. Lakini mvuvi wa hapa hatamwona mgeni sana, kwa sababu tabia yake ni ya tewa. Hazunguki akifukuza chakula baharini kama kolekole. Anajibanza: kwenye shina la mafunjo, chini ya magugu, kando ya gogo lililozama. Mdomo ni mpana kuliko adabu yake. Kitu kikipita karibu, anakimeza kwanza na kufikiri baadaye. Kwa hiyo kazi ya rili hapa ni mbili: kukifikisha chambo mlangoni kwake hasa, na kumtoa ndani kabla hajazungusha mshipi kwenye mafunjo.

Sasa tofauti ya rili zenyewe. Ukiwa ulirusha tiara utotoni, unazijua zote mbili tayari. Wako waliozungushia uzi kwenye mkebe wa maziwa. Tiara ikivuta, unauelekeza mkebe juu, uzi unachopoka wenyewe kwenye ukingo, pindi baada ya pindi, na mkebe umetulia mkononi. Hiyo ndiyo spini. Wengine walitoboa mkebe, wakapitisha kijiti katikati, wakashika kijiti na kuuacha mkebe uzunguke. Hiyo ndiyo beitikasta. Na bila shaka unakumbuka kilichotokea upepo ulipokatika ghafla: tiara imesimama, mkebe bado unazunguka, uzi unamwagika miguuni.

Jini la yule kijana ndilo hilo, na halihitaji kombe. Chambo kikianza kupunguza mwendo hewani, bobini, yaani kile kigurudumu kilichozungushiwa mshipi, haina habari. Inaendelea kutoa mshipi ambao hakuna anayeuvuta, na mshipi usiovutwa hujirudia na kujikunja ndani ya bobini.

Wala rili hizi hazikutoka kwa mtu mmoja. Mababu wa beitikasta ni rili zilizotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 19 huko Kentucky, Marekani, na anayetajwa kuwa wa kwanza ni George Snyder, fundi saa. Spini tunayoijua inatokana na hataza ya mwaka 1905 ya Alfred Illingworth, Mwingereza wa viwanda vya nguo, aliyekuwa akitazama kila siku nyuzi zikichopoka kwenye bobini zilizosimama. Mimi nililelewa na mjomba aliyekuwa fundi cherehani, na nikifungua rili hizi mbili naona wazi nani alizizaa: moja ina meno madogo ya saa, nyingine ina moyo wa kiwanda cha uzi.

Kutoka kwenye jambo hilo moja, bobini inazunguka au imetulia, mengine yote yanafuata.

Chukua uzito. Ili beitikasta itoe mshipi, chambo lazima kiwe na nguvu ya kuiamsha bobini kutoka usingizini. Chambo cha gramu 3 hakina nguvu hiyo. Utarusha kwa hasira, bobini itaamka imechelewa, kisha haitajua kusimama. Kuanzia gramu 10 hivi mambo yanabadilika, na kwenye gramu 15 au 20 beitikasta ya kawaida inarusha kwa raha. Zipo za bei kali zenye bobini nyepesi zinazoweza kurusha vidogo, lakini hizo mtu anayeanza asizitazame. Spini haina la kuamsha. Chambo kinavuta mshipi tu, na gramu 3 zinatosha kwenda mbali. Mimi mpaka wangu ni gramu 7: chini ya hapo sibebi beitikasta hata nikilipwa.

Chukua upepo. Sisi wa hapa tunajua kusi likianza kuvuma maana yake ni nini. Ukirusha dhidi ya upepo, chambo kinakabwa hewani mapema, na beitikasta inakuadhibu palepale. Naivasha nako upepo wa mchana unajua kuamka. Mtu wa spini atapoteza umbali kidogo na mshipi utafanya tumbo juu ya maji, lakini atabaki akivua wakati mwenzake anafumua.

Hapa ndipo breki zinapoingia, na watu wengi hawajui kuwa beitikasta ina breki za aina mbili mbali na dragi, ile breki inayomwachia samaki mshipi kwa ubishi anapovuta. Kwanza kuna kitufe kidogo upande wa mkono wa kuzungushia, kinachobana ekseli ya bobini. Kilegeze au kikaze mpaka chambo kikiachiwa kishuke polepole, na kikigusa chini bobini isimame nacho. Usisahau: ukibadilisha chambo, unaanza upya. Pili kuna breki za upande wa pili, ambazo ni sumaku, au vijipande vidogo vya plastiki vinavyorushwa nje na mzunguko na kusugua ukingo wa duara. Hiyo ya sumaku hunifurahisha mpaka leo. Sumaku haigusi bobini, na bobini ni ya aluminiamu ambayo sumaku haiishiki. Lakini ikizunguka mbele ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani yake, na umeme huo unaipinga bobini isizunguke. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyokabwa zaidi. Ikisimama, hakuna breki tena.

Juu ya breki zote kuna gumba lako. Gumba linakaa juu ya mshipi, linagusa bila kukandamiza, na chambo kinapokaribia maji linaisimamisha bobini kabisa. Mtu mwenye gumba zuri anakishusha chambo kwenye nafasi ya ukubwa wa sinia kati ya mafunjo mawili, kimya, bila mshindo. Kwa spini utafanya hivyo kwa kidole cha shahada kwenye ukingo wa bobini, na inawezekana, lakini haina ulaini ule.

Na hapa nina jambo ambalo nimeliona mwenyewe mara nyingi. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkono hujifunza beitikasta haraka kuliko vijana walioanza na rodi. Mzee mmoja wa Likoni, aliyevua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote, nilimpa beitikasta tukiwa ufukweni kwa mzaha. Mara ya kwanza ikafumuka. Mara ya pili ikafumuka kidogo. Mara ya tatu ikaenda moja kwa moja, naye akanirudishia akisema, "Mwanangu, si ni kuachia mshipi tu?" Ni kweli. Miaka yote hiyo vidole vyake vilikuwa vikisikiliza mshipi unavyotoka, vikijua wakati wa kuachia na wakati wa kubana. Anayeiita beitikasta rili ya wataalamu huenda hajawahi kukaa na mzee wa ngalawa.

Nguvu nayo. Kwenye beitikasta mshipi unapita kwenye pete za rodi na kuingia moja kwa moja kwenye bobini. Kwenye spini unafika, unakata kona kali kwenye kijigurudumu cha waya, kisha ndio unajizungusha. Kona hiyo inakula nguvu. Besi akiwa ndani ya magugu mazito, na umefunga mshipi wa kusuka unaohimili kilo 20 kwa makusudi ya kumng'oa pamoja na shamba lake, beitikasta inafanya kazi kama winchi, na spini namba 2500 inalalamika mpaka unaionea huruma. Kwa kazi hiyo sibishani na mtu.

Lakini kwa maji ya wazi, mshipi mwembamba wa kilo 4, funza mdogo laini wa plastiki anayeshuka taratibu, spini ni tamu. Chambo kinaanguka wima kwa sababu mshipi unachopoka wenyewe bila kipingamizi, wakati beitikasta inakirudisha upande wako. Pia unaweza kukitelezesha chini ya matawi kama mtoto anavyorusha kigae juu ya maji. Jaribu hilo na beitikasta ukitaka kuchekwa.

Ubaya wa spini ni kusokota mshipi, na nusu ya kosa ni la mvuvi. Samaki anavuta, dragi inalia, naye bado anazungusha mkono kwa pupa. Kila mzunguko wa hivyo haumleti samaki, unasokota mshipi tu. Dragi ikilia, acha kuzungusha. Na ukimaliza kurusha, funga ule waya kwa mkono, usingoje ufungwe na rili. Tena usijaze bobini mpaka pomoni; acha ukingo wa milimita 2 au 3.

Uwiano wa gia nitaupitia mbio. Ukiona 6.3:1 imeandikwa ubavuni mwa beitikasta, mzunguko mmoja wa mkono unaizungusha bobini mara 6.3. Anayeanza na beitikasta achukue kati ya 6 na 7, asiumize kichwa na zaidi.

Kwenye ununuzi kuna mtego mmoja ambao umewakamata wateja wangu wengi. Spini unaweza kuhamisha mkono wa kuzungushia, kulia au kushoto, kwa kufungua skrubu. Beitikasta huwezi. Imezaliwa ya kulia au ya kushoto, na ndivyo itakavyokufa. Ukinunua ya mtumba, tazama hilo kabla ya kupatana bei. Na kwa fedha kidogo, chukua spini. Spini ya bei nafuu inavulika, lakini beitikasta ya bei nafuu, yenye beringi mbovu na breki za kuchorwa, ni adhabu uliyojinunulia.

Habari ya mafuta nayo siwezi kuiacha. Mteja mmoja alipanda treni mpaka Nairobi, akaunganisha Naivasha, na alfajiri akiwa kwenye mashua rili ikagoma. Bobini ilizunguka kama imejaa uji. Akanipigia simu akilaumu breki. Nikamuuliza alipaka nini. Mafuta ya nazi! Mombasa mafuta ya nazi ni maji karibu mwaka mzima, mtu anasahau kwamba yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, na alfajiri kule ni ya koti. Rili yake ilikuwa imegeuka mshumaa. Beringi zinataka mafuta mepesi ya mashine, matone mawili, na gia zinataka grisi. Nazi iache kwa samaki wa kupaka.

Na ukiichukua rili hiyohiyo kuvulia bahari yetu, kaza dragi kabla ya kuiosha ili maji yasiingie, mwagia maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo bila presha, ikaushe kivulini, kisha legeza dragi. Beitikasta huteseka zaidi kwa chumvi, kwa sababu bobini yenyewe inategemea beringi kuzunguka, na beringi yenye punje moja ya chumvi unaisikia ikilia kama panya.

Turudi kwa kijana wa Kisauni. Nilimpeleka kwa sonara jirani yangu, tukaviweka vyambo vyake kwenye mizani ya dhahabu, kimoja kimoja, huku sonara akiuliza ni karati ngapi. Kizito kuliko vyote kilikuwa gramu 5. Nikaisafisha spini, nikamfungia mshipi wa kusuka wa kilo 4 na kipande cha floro-karboni, mshipi usioonekana kirahisi majini, mbele, akaondoka nayo ameinua midomo kidogo.

Ile ya wanaume aliniachia nilitoe jini. Nilifungua kifuniko cha ubavuni jioni hiyohiyo. Kidude cha kurekebishia sumaku kilikuwa kwenye sifuri, na karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa juu yake.