Je, wajua kwa nini pikipiki ya magurudumu manne iliyosimamishwa wima huvuja hata kama vifuniko vyake vyote vimekazwa?

Katika maeneo ya mashambani ya Marekani na Kanada, ambako pikipiki za magurudumu manne, maarufu kwa jina la ATV, hutumika shambani, mawindoni na kwenye njia za msituni, huonekana mara kwa mara trela fupi iliyobeba mashine mbili zilizosimamishwa kwa mikia yao, magurudumu ya mbele yakielekea juu na keria ya nyuma ikigusa sakafu. Kinachowasukuma watu kufanya hivyo ni nafasi. Mashine ya kazi ina urefu wa mita 2 na kitu, kwa hiyo trela ya futi 8, ambazo ni takriban mita 2.4, huishia kubeba moja tu. Ikisimamishwa, mashine hiyo hiyo huchukua kama mita 1.2 za sakafu, na nafasi ya mwenzake ikapatikana.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kama jambo hilo ni salama, na jibu langu la kwanza, nililolishikilia kwa muda mrefu, lilikuwa kwamba hatari iko moja tu, nayo ni kuanguka. Kuhusu petroli na oili niliamini kwamba kifuniko cha tangi kikikazwa vizuri, na kijiti cha kupimia oili kikazungushwa hadi mwisho, hakuna tone litakalopata njia ya kutoka. Imani hiyo inaonekana kuwa ya busara, na nimeisikia kwa watu wengi wanaozijua mashine kunishinda. Hata hivyo haiko sahihi, na kosa lake linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo linalowafanya watu wakaze vifuniko kwa nguvu zao zote kisha washangae asubuhi wanapokuta sakafu imelowa.

Kosa ni kudhani kwamba injini ni chombo kilichozibwa. Kila aliyewahi kufungua debe la mafuta ya kula anajua kwamba ukitoboa tundu moja, mafuta hutoka kwa kusitasita, yakigugumia, na ukitoboa la pili upande wa pili, hutiririka bila shida, kwa sababu hewa imepata mahali pa kuingilia. Tangi la petroli ni debe la namna hiyo. Petroli inapopungua, ni lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo injini itanyimwa petroli na kuzimika njiani. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe huweka tundu la pili kwa makusudi, mara nyingi likiwa kimpira chembamba kinachotoka kwenye kifuniko na kuishia karibu na usukani. Hata ukikaza kifuniko kwa mikono miwili, tundu hilo hubaki wazi. Mashine inaposimama kwa mkia, petroli husogea upande wa nyuma wa tangi, na tangi likiwa limejaa, uso wa petroli unaweza kupanda hadi usawa wa kifuniko, na tundu la hewa likageuka kuwa tundu la kumiminia.

Tangi si peke yake. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo chini yake ndani ya sampu, yaani sehemu ya chini ya injini inakokaa oili, husukumwa na kuvutwa, na gesi kidogo zinazopenya kwenye ringi za pistoni huongeza shinikizo. Shinikizo hilo lisipotolewa litasukuma oili kwenye sili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji. Ndiyo maana injini ina bomba la kupumulia, nalo katika mashine nyingi huelekezwa kwenye sanduku la chujio la hewa, lililo chini ya kiti. Boksi za gia za ekseli, ambazo mafundi huziita difu, nazo hupumua kwa vimpira vyake. Betri ya zamani yenye maji ya tindikali ina tundu la kutolea gesi wakati wa kuchajiwa, na tundu hilo, betri ikilazwa, hutoa asidi ya salfa inayokula rangi na chuma. Betri zilizozibwa, ambazo tindikali yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, hazina tatizo hilo, na mashine nyingi za siku hizi zinatumia za aina hiyo.

Sehemu inayonivutia zaidi ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Ndani yake kuna bakuli dogo la petroli, na juu ya petroli hiyo huelea boya. Ni kifaa kile kile kilicho ndani ya tangi la maji la nyumbani: maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga mfereji; yakishuka, boya hushuka na kuufungua. Sasa fikiri kwamba mtu amelilaza tangi hilo la maji ubavu huku mfereji ukiwa wazi kutoka mtaani. Boya halijui tena juu ni wapi. Litaelea kuelekea ukuta ambao sasa ndio dari, mfereji hautafungwa, na maji yataendelea kuingia hadi yamwagike. Kabureta iliyosimamishwa kwa mkia huwa katika hali hiyo hiyo, na petroli yote iliyo juu yake tangini inaweza kushuka kupitia humo tone kwa tone, usiku kucha. Kinga yake, mashine ikiwa bado kwenye magurudumu, ni kufunga koki ya petroli na kuiacha injini iendelee kuwaka hadi izime yenyewe, ili bakuli libaki tupu kabla ya kuinuliwa. Mashine zinazotumia sindano za umeme badala ya kabureta hazina bakuli wala boya, kwa hiyo zimeepuka tatizo hili moja, ingawa tundu la tangi na bomba la kupumulia bado zinazo.

Petroli na oili hizo huenda wapi? Katika injini nyingi za silinda moja za aina hii, kabureta huwa nyuma ya silinda, na sanduku la chujio huwa nyuma ya kabureta. Mashine ikisimama kwa mkia, mpangilio huo unakuwa wa wima: silinda juu, kabureta katikati, sanduku la chujio chini kabisa. Kinachovuja hukusanyika kwenye sanduku. Chujio hulowa oili, na siku ya kuwasha, injini huvuta oili hiyo na kutoa moshi wa rangi ya buluu, au hukataa kuwaka kabisa kwa kukosa hewa. Hii ni bahati njema ikilinganishwa na kusimamisha mashine kwa pua, ambako njia hiyo hugeuzwa, na petroli hushuka kuelekea silinda.

Umajimaji ndani ya silinda ndiyo hatari ya kuogopwa zaidi, na sababu yake inaweza kuonekana kwa pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wa pampu kwa kidole na usukume: hewa hubanika, mpini hushuka, kisha hukurudisha. Jaza pampu hiyo maji na ufanye vivyo hivyo: mpini hausogei, kwa sababu maji hayabaniki kwa kiwango ambacho mkono unaweza kukihisi. Injini ya petroli hubana hewa iliyomo ndani ya silinda hadi ibaki sehemu 1 ya 9, au hata 1 ya 12, ya ujazo wake wa mwanzo. Ikiwa nafasi hiyo ndogo iliyobaki imejaa oili au petroli, pistoni hukutana na kitu kigumu kama ukuta, na stata, yaani mota ya kuwashia, ikilazimisha, konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, inaweza kupinda. Oili hufika humo polepole, kwa kupenya kwenye mwanya wa ringi wakati silinda imelala, na ndiyo maana safari ya saa moja haifanani na kuhifadhi kwa miezi mitatu.

Nirudi kwenye kuanguka, ambako hofu yangu ya mwanzo ilikuwa ya haki lakini haikuwa na vipimo. Tuseme kitovu cha uzito cha mashine iliyokaa kwenye magurudumu kiko nusu mita kutoka sakafuni, na umbali wa kutoka hapo hadi ekseli ya mbele ni sentimita 60. Ili ipinduke kwa mbele, inahitaji kusukumwa na nguvu inayozidi uzito wake wote. Isimamishe kwa mkia: kitovu sasa kiko mita 1 juu, na kitako kina upana wa nusu mita tu, yaani sentimita 25 kila upande. Robo ya uzito wake inatosha kuiangusha, na kiasi hicho hupatikana kwa breki ya kawaida ya barabarani. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kwa magari ya mizigo ya kibiashara hutaka mzigo uwe umefungwa kiasi cha kuhimili nguvu ya 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 kuelekea nyuma na pembeni, na jumla ya uwezo wa kazi wa mikanda, yaani uzito ambao imeruhusiwa kuhimili, isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Trela ya mtu binafsi haibanwi na kanuni hizo, lakini breki zake hutii fizikia ile ile.

Kwa hiyo mashine iliyosimama huhitaji mikanda miwili ya chini, ya kukishika kitako kisiteleze, na mingine miwili au zaidi ya juu, iliyofungwa kwenye fremu na kutanuka kuelekea pembe za trela, kamwe isiwe kwenye plastiki wala kwenye usukani pekee. Keria ya nyuma nayo isiaminiwe mno, kwa kuwa katika mashine nyingi imepewa kikomo cha mzigo kisichofika kilo 100, ilhali mashine yenyewe ina kilo 250 hadi 350. Gogo au tairi kuukuu chini yake hugawa uzito huo. Mikanda ikaguliwe tena baada ya kilomita chache, kwa sababu mashine hutulia na mikanda hulegea. Uzito wa jumla upangwe ili asilimia 10 hadi 15 yake ikae kwenye ulimi wa trela, sehemu ya mbele inayoungwa na gari. Mashine mbili zikirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba.

Kwa kuhifadhi, ushauri wangu ni mkali zaidi: mashine irudishwe kwenye magurudumu yake, hata kama italazimu mwenzake atafutiwe mahali pengine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kutuama ndani ya trela iliyofungwa, na cheche moja ya swichi inatosha kuuwasha. Isipowezekana, petroli yote itolewe tangini na milango iachiwe upenyo wa chini.

Siku ya kuishusha, mashine iachwe kwenye magurudumu kwa muda ili oili irudi kwenye sampu, kisha kipimwe kiwango chake na kijiti kinuswe. Kijiti kikinuka petroli, oili hiyo imwagwe na kubadilishwa. Sanduku la chujio lifunguliwe na likaushwe. Ikiwa stata itagota mara moja na kunyamaza, isirudiwe: plagi itolewe, waya wake uwekwe mbali na tundu ili cheche isikutane na petroli itakayoruka, na injini izungushwe taratibu hadi kilichomo ndani kitoke.