Korona na ubongo: tatizo si lazima liwe kirusi kimepanda kichwani

Wengi huihesabu korona kuwa ugonjwa wa mapafu tu. Sisi madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu huletewa pia mgonjwa asiyekohoa kabisa, ila hajui yuko wapi, au mkono mmoja umelegea ghafla.

Takwimu za mwanzo zilitoka Wuhan. Madaktari wa huko walipitia mafaili ya wagonjwa 214 waliolazwa mwanzoni mwa 2020, wakakuta asilimia 36.4 wana dalili za mfumo wa fahamu. Namba hiyo ilisambaa na kutisha watu. Ukiifungua, zilizoongoza ni kizunguzungu na kuumwa kichwa, dalili ambazo hata malaria huleta. Waliopata kiharusi walikuwa wachache.

Dalili inayonivutia zaidi ni kupotea kwa harufu. Neva za kunusa huanzia juu ndani ya pua na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo, kwa hiyo ilikuwa rahisi kushuku kwamba kirusi hupandia hapo. Watafiti walipochunguza seli za eneo hilo, walikuta protini ya ACE2, ambayo kirusi hujishikiza ili kuingia kwenye seli, iko kwenye seli zinazozihudumia neva, si kwenye neva zenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza harufu bila pua kuziba, na ndiyo maana wengi hurudi hali ya kawaida ndani ya wiki chache. Wengine harufu hurudi imepotoka: kahawa inanuka kama kitu kilichoungua, vitunguu vinatia kichefuchefu. Inakera, lakini mara nyingi ni neva zinazojijenga upya.

Kwa hawa huwa nashauri mazoezi ya kunusa: karafuu, limau, mkaratusi na waridi, asubuhi na jioni, kila kimoja kwa sekunde chache huku ukikumbuka harufu yake. Yanataka miezi, si siku. (Kujifukiza kwa mvuke hakukuzi neva, na watu wameungua kwa kufanya hivyo.) Wakati huohuo awepo mtu wa kukunusia chakula kilicholala na mtungi wa gesi unaovuja.

Kwa wazee, mambo ni mengine. Bibi anaanza kuweweseka usiku, anawaita watu waliokwisha kufa, na nyumbani wanasema ni uzee. Uzee hauji kwa siku mbili. Apimwe oksijeni kwanza, kwani inaweza kushuka sana bila yeye kuhema kwa shida, halafu sukari, na malaria pia. Kipimo cha korona kikitoka chanya hakimaanishi kwamba hana homa ya uti wa mgongo.

Kiharusi nacho kina njia yake. Mwitikio mkali wa kinga ya mwili dhidi ya kirusi hufanya damu igande kirahisi, na bonge likifika kwenye mshipa wa ubongo, eneo linalolishwa na mshipa huo huanza kufa. Mwaka 2020 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa watano wenye umri chini ya miaka 50, wote wakiwa na mshipa mkubwa ulioziba, ndani ya wiki mbili. Mdomo ukienda upande au maneno yakikwama, usisubiri kupambazuke: dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Kuna pia ugonjwa wa Guillain-Barré, nadra, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva baada ya maambukizi. Ganzi na udhaifu huanzia miguuni na kupanda. Ukifika kifuani, mgonjwa anahitaji mashine ya kupumulia, hivyo anayeshindwa kupanda ngazi leo wakati jana alizipanda alazwe leo hii.