Mkojo kama chai ya rangi, siyo kila mara ni UTI

Jamani wenzangu wa kliniki, kuna kitu kinaniuma sana kwenye hii kazi ya figo. Mtu anafika mkojo kama chai ya rangi, akiamka uso umevimba, kashamaliza dozi tatu za antibayotiki maana aliambiwa ana UTI, na hakuna aliyerudia kriatinini (kipimo cha damu, figo zikishindwa kuchuja kinapanda), wakati ingerudiwa baada ya siku chache tu tungeiona inapanda, 150, 320, 600, mpaka anakuja kwangu wa kusafishwa damu.

Hapa kinga ya mwili ndo imegeukia vichujio vya figo. Vinachanika, seli zinajazana pembeni zinakibana kichujio, ukiangalia kwenye hadubini unaona umbo la hilali kabisa. Hilali ikishakuwa kovu hairudi, ndo maana mi nahesabu siku.

Stripu ya mkojo ikionyesha damu na protini, chukua mkojo mbichi uangalie mwenyewe kwenye hadubini, tafuta chembe nyekundu zilizojikunja na zile zilizogandana kama vijiti. Ultrasaundi ikisema figo ni sentimita 10 hadi 12, hazijasinyaa, bado kuna cha kuokoa. Damu ipimwe ANCA na anti-GBM (kingamwili zinazogeuka kushambulia mishipa midogo ya damu na vichujio vya figo), lupasi (ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe), homa ya ini na HIV. Biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha figo kikapimwe, ndo inatoa jibu kamili, lakini mgonjwa akiwa anakohoa damu, kriatinini inakimbia, sisubiri majibu: stiroidi ya methilpredinisoloni miligramu 500 hadi 1000 kwenye mshipa siku 3, halafu stiroidi za vidonge pamoja na saiklofosfamaidi au rituksimabu, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Mwenye anti-GBM anabadilishiwa pia plazma, yale maji ya damu yenye kingamwili, haraka. Kwa mwenye ANCA, utafiti wa PEXIVAS wa 2020 haukuona kubadilisha plazma kukipunguza vifo wala figo kufa, ila ulionyesha stiroidi zikipunguzwa mapema matokeo hayaharibiki na maambukizi makali yanapungua, na mi nilifurahi mno, maana huku kwetu maambukizi ndo yananinyima usingizi.

Kwa hiyo TB naitafuta, kotrimoksazoli ya kukinga maambukizi natoa, na ivermektini siisahau kabisa, kuna minyoo ya strongiloidi inakaa kimya miaka na miaka, ukiweka stiroidi inasambaa mwili mzima.

Dada mmoja tulimwanzishia dawa usiku uleule aliofika. Alisafishwa damu mara tano, sasa mashine kaacha, kriatinini ipo 140, na kila akija kliniki naanza na kikopo cha mkojo.