"Ina mgogoro wa mpaka, haiwezi kujiunga"

Muhula huu nimeisikia mara nne, na kila mara kwa sauti ya mtu anayetaja sheria: "Mwalimu, Ukraine haiwezi kuingia Umoja wa Ulaya, ina mgogoro wa ardhi." Nikiuliza ni ibara gani inayosema hivyo, kimya. Haipo! Ibara ya 49 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inataka mwombaji awe nchi ya Ulaya inayoheshimu tunu za Umoja, kisha inataka wanachama wote waridhie. Mipaka yenye mgogoro haitajwi.

Saiprasi iliingia Mei 1, 2004 huku kaskazini mwa kisiwa kukiwa na utawala unaotambuliwa na Uturuki peke yake. Wiki moja tu kabla, Aprili 24, mpango wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, wa kukiunganisha kisiwa ulikwama kwenye kura ya maoni: kwa Wasaiprasi wa Kigiriki, takriban asilimia 76 waliukataa. Mlango haukufungwa. Kisheria kisiwa kizima kiliingia, na Itifaki ya 10 ya mkataba wa kujiunga ikasimamisha sheria za Umoja katika maeneo ambayo serikali haiyadhibiti.

Sasa itazame Kroatia. Ugomvi wake na Slovenia ulihusu hasa ghuba ndogo ya Piran, na hakukuwa na vita kati yao. Lakini Desemba 2008 Slovenia, mwanachama tangu 2004, ilizuia mazungumzo ya Kroatia, yakakwama hadi Septemba 2009. Novemba mwaka huo mawaziri wakuu wa nchi hizo, Jadranka Kosor wa Kroatia na Borut Pahor wa Slovenia, walitia saini mjini Stockholm makubaliano ya kupeleka suala hilo kwenye usuluhishi. Kroatia ikaingia Julai 1, 2013.

Kisiwa kilichogawanyika kwa mtutu kilipita, ghuba ikakwamisha. Kwa nini? Uturuki haikuwa na kiti mezani. Slovenia ilikuwa nacho. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi: kabla ya kufungua ramani, chukueni orodha ya wanachama. Anayezozana na mwombaji yumo? Basi ana kura ya turufu. Hayumo, kama Urusi kwa Ukraine? Mgogoro bado utaongeza gharama na hofu, na kwa Ukraine gharama hizo ni kubwa mno, lakini hizo ni hoja za kisiasa ambazo wanachama huzipima. Mazungumzo yake yalifunguliwa Juni 2024, vita vikiendelea.

"Ukishaingia, mgogoro unaisha." Hapana. Kroatia ilijitoa kwenye usuluhishi mwaka 2015, baada ya kuvuja kwa mazungumzo ya siri kati ya msuluhishi aliyeteuliwa na Slovenia na afisa wa nchi hiyo. Uamuzi ukatoka Juni 2017, Kroatia ikaukataa.

"Mahakama ya Umoja itachora mpaka." Slovenia ilijaribu kupitia huko. Januari 31, 2020 mahakama ikasema haina mamlaka juu ya kesi hiyo.

"Hayo ni ya Ulaya tu." Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, na Kenya ikaukataa uamuzi. Machi 4, 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na kiti mezani, na haikuzuia.